Herufi Kubwa ya Bwana Nijkamp

Mkunga alimwinua mtoto, akamgeuza huku na huku chini ya taa ya chumbani, akatangaza, "Hongereni, ni msichana. Mwembamba, mrefu, kama zwabo!"

Berend Nijkamp, aliyekuwa ameushika mkono wa mkewe tangu alfajiri, alijifuta machozi, akasema, "Kama kikombeo cha aina ya Zwabo. Kwa herufi kubwa."

Geesje, mkewe, hakuwa na nguvu za kunyanyua hata kidole, ila nguvu za kumtukana alizipata. Mkunga akadhani furaha imempanda baba kichwani, akashuka jikoni kumchemshia kahawa. Kumbe mtu alikuwa na akili zake timamu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kazi yenyewe ilikuwa haimwachi hata katika chumba cha kuzalia.

Inabidi nieleze kidogo. Watu wa huku Uholanzi hupenda uji mtamu wa maziwa uitwao vla, mzito, laini, na siku hizo uliuzwa kwenye chupa ndefu za kioo. Kijiko hakifiki chini, na ukiipindua chupa utasubiri mpaka uote mvi. Sasa Mholanzi, akijua kuna vijiko viwili vya uji vimebaki chupani, usingizi haumjii. Haba na haba hujaza kibaba, na yeye anakitaka kibaba chake. Ndipo mabwana wawili wa mji wa Deventer, Zwaan na Bolt, walipobuni kijiti kirefu chenye ulimi wa mpira mwishoni, bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili. Kinaingia, kinazunguka, kinatoka na kila kitu. Wakachukua mwanzo wa jina la huyu na mwanzo wa jina la yule, wakakiita Zwabo. Haikupita miaka kumi, kila droo ya jikoni nchini ilikuwa nacho.

Tatizo la kitu kuenea ni kwamba jina lake nalo huenea, tena bila kuomba ruhusa. Viwanda vingine vikaanza kutengeneza vikombeo, vyenye mipini ya kila rangi, na watu wakaviita vyote zwabo. Sisi tunaopiga viatu kiwi hata kopo likiwa na jina lingine kabisa hatuna haki ya kuwacheka. Kisha wakafanya vibaya zaidi, wakaligeuza jina kuwa kitenzi. Chupa ikazwabolewa. Baba wa mabinti watatu akalalamika kwamba mfuko wake umezwabolewa. Timu ikifungwa mabao saba, gazeti la Jumatatu liliandika imezwabolewa, na kila msomaji alielewa.

Mawakili wakamtahadharisha Bwana Zwaan, mjukuu wa yule wa kwanza. Jina la biashara likishakuwa neno la kila mtu, walimwambia, sheria hulihesabu kuwa ni neno tu, na jirani yako anaweza kulibandika kwenye bidhaa yake mchana kweupe. Yaani jina laweza kufa kwa kupendwa. Bwana Zwaan akashtuka, akatafuta mlinzi. Akampata Berend, karani wa miaka ishirini na minne, mwandiko safi, koti limefungwa vifungo vyote.

Kwa miaka thelathini na minne kazi ya Berend ilikuwa kusoma na kukasirika kwa adabu. Alisoma magazeti, vitabu vya mapishi, majarida ya wanawake, matangazo ya kanisa. Alisikiliza redio huku kalamu ikiwa tayari. Akilikuta neno "zwabo" limeandikwa kwa herufi ndogo, aliandika barua: Mpendwa Mhariri, tumefurahi kuona mmetutaja, ila tungependa kuwakumbusha kwamba Zwabo ni jina la biashara lililosajiliwa, huanza kwa herufi kubwa, na hutumika pamoja na neno "kikombeo". Ndani ya bahasha aliweka kikombeo kimoja, zawadi ya kampuni, ili kuondoa uchungu. Nakala ya barua aliihifadhi kwenye jalada la kijivu, jalada moja kwa kila mwaka.

Zawadi ile ilileta matokeo yake. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kampen aliyeandika mapishi kwenye gazeti la mtaani, na kila miezi mitatu, bila kukosa, alikosea. Alizijaza droo za jikoni za mabinti zake wanne kwa makosa hayo. Berend alijua fika anachezewa, lakini afanye nini? Kosa ni kosa. Alimwandikia kila mara, na kila mara alipanga maneno upya ili barua isifanane na iliyotangulia.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi kuliko magazetini, maana nyumbani hakuna mhariri. Kulikuwa na Geesje, na ghorofa ya chini aliishi mama yake Geesje, Mama Hilletje, mwanamke mdogo wa umbo mwenye ulimi mrefu kuliko bidhaa yenyewe.

"Berend, nani kaiweka zwabo kwenye droo ya uma?"

"Kikombeo cha aina ya Zwabo."

"Ndiyo, hiyo hiyo zwabo. Nani kaiweka?"

Mtoto wao Jorinde alikua akisikia hivi kila siku, na mpaka anaanza shule alidhani jina kamili la kile kitu ni Zwabokwaherufikubwa. Alilitamka hivyo mbele ya darasa zima. Mwalimu akamwita Berend kumuuliza kama kuna shida nyumbani. Berend akasema hakuna shida yoyote, mtoto amesema vizuri, amesahau tu nafasi kati ya maneno. Geesje alipoambiwa alicheka mpaka akalazimika kuketi kwenye ngazi.

Msidhani walikuwa hawapendani. Geesje alikuwa na namna yake ya kumpenda, na namna hiyo ilikuwa kumpinga. Katika ndoa yao yote hakuwahi kukubaliana naye hadharani hata juu ya hali ya hewa. Berend akisema mvua itanyesha, Geesje alianika nguo.

Berend alipofika miaka hamsini na minane, balaa likaja. Kampuni moja ya maduka makubwa, ambayo matawi yake yapo kila mtaa, ilianza kuuza vikombeo vyake kwenye pakiti iliyoandikwa kwa maandishi manene: "zwabo ya jikoni, rangi nne". Zwabo, kwa herufi ndogo, bila haya wala bismillahi. Bwana Zwaan akaenda mahakamani. Wale wa maduka hawakukana chochote. Walijibu kwa sentensi moja: hilo si jina la mtu tena, ni neno, na neno halina mwenyewe.

Basi ikawa hivyo. Hakimu akikubaliana na maduka, jina litakuwa limekufa kisheria, na kila mtu ataliandika apendavyo. Bwana Zwaan atatikisika lakini ataendelea, kwani alikuwa na kiwanda, na kiwanda kilitengeneza na mengineyo. Aliyekuwa hana kingine ni Berend. Watu wengine huacha nyumba, wengine huacha mashairi. Yeye alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na alichotarajia kuacha duniani ni herufi moja, Z kubwa, ikiwa bado imesimama. Hakumwambia mtu jambo hilo. Geesje alilijua bila kuambiwa.

Mahakama ikaagiza ufanyike uchunguzi. Watu elfu moja wangepigiwa simu majumbani na kuulizwa: kile kijiti cha kukombea chupa kinaitwaje? Berend akakosa usingizi. Alipiga hesabu ya ndugu zake wote wenye simu.

Siku ya kuzaliwa ya Mama Hilletje, alipotimiza miaka themanini na mitatu, ukoo ulikusanyika kama kawaida: viti vimepangwa duara sebuleni, kila anayeingia anazunguka duara lote akimpa mkono kila mtu, maana huku siku ya mmoja hupongezwa ukoo mzima. "Hongera ya mama." "Hongera ya bibi." "Hongera ya mama mkwe, Berend, ameshinda tena." Kipande kimoja cha keki, kikombe cha kahawa, na kopo la biskuti lililopita mara moja tu kisha likafungwa. Kahawa ya pili ilipomiminwa, Berend akasimama katikati ya duara.

"Jamani, nina ombi."

"Haya, mlinzi amesimama," akasema Roelof, kaka yake Geesje, fundi mabomba aliyeona dunia yote ni kichekesho. "Nani kakosea?"

"Hakuna aliyekosea. Bado." Berend akaeleza habari za uchunguzi, za simu, za hakimu. "Kwa miezi mitatu, nawaomba, msilitumie lile jina ovyo. Mkizoea, simu ikilia mtasema sawasawa."

"Tusiseme nini?" akauliza Mama Hilletje, aliyesikia vizuri sana.

"Lile jina, Mama."

"Jina gani?"

"Unalijua, Mama."

"Nilijue vipi na wewe mwenyewe unaogopa kulitaja? Ni jina la shetani?"

Duara likaangua kicheko. Roelof, kwa kumsaidia, akapendekeza mchezo: atakayelisema kuanzia sasa ataosha vyombo vya sherehe yote. Wote wakakubali, na lahaula, hapo ndipo vituko vilipoanza, maana vla iliandaliwa baada ya supu, na chupa zilikuwa nne.

"Dieuwke," Roelof akamwambia mkewe, "hebu nipe kile kijiti."

"Kijiti kipi?"

"Kile ambacho tukikisema tunaosha vyombo."

"Mfano wa kile, au chenyewe?"

"Chochote chenye ulimi!"

"Basi mchukue Mama," akasema Geesje, na Mama Hilletje akampiga kwa leso ya karatasi.

Walipachika majina mpaka wakaishiwa. Kijiti cha mkwe. Mkono wa bahili. Bwana Mrefu. Mama Hilletje, chupa yake mapajani, hatimaye akainua uso, naye alikuwa amekasirika kweli.

"Mimi sijui," akasema. "Ukiniondolea neno, kitu chenyewe sikioni. Natazama kwenye droo na droo ni tupu. Nitakufa na uji wangu chupani kwa sababu ya kiwanda!"

"Mama, hufi," Geesje akamtuliza.

"Nataka zwabo!" akapiga kelele Mama Hilletje. "Haya, nipeni na sabuni kabisa."

Kwa bahati mbaya Dieuwke, mwanamke mwema asiyejua kunyamaza panapofaa, akaona amtie Berend moyo. "Lakini ya kweli ni ya kweli," akasema. "Hizi za madukani huacha utando pembeni. Ya Zwaan inakomba mpaka kioo kinalia. Mimi hata nikifumbwa macho naijua."

Uso wa Berend ukachanua. Kwa miaka mingi alikuwa akingoja mtu wa ukoo huu aseme neno kama hilo. "Umesema kweli, Dieuwke. Ni mpira. Mpira wao mgumu. Humu ndani haijawahi kuingia nyingine." Akaenda jikoni, akarudi na kikombeo cha nyumbani, mpini wa buluu, akachukua chupa ya Mama Hilletje na kuizungusha mbele ya duara kama mwalimu. "Tazameni ulimi unavyojikunja. Tazameni shingoni hapa. Nyingine ingepita juu kwa juu. Hii inajua inakokwenda."

Chupa ilitoka safi, kweli. Lakini hakuna aliyepiga makofi. Geesje alikuwa anaviangalia viatu vyake, na Mama Hilletje alianza kutikisika mabega kwa kicheko alichokibana.

"Berend," akasema Geesje, "keti, mume wangu."

"Kwa nini?"

"Hiyo ni ya dukani."

"Duka gani?"

"Lile lile mnaloshtakiana nalo."

Berend akaupeleka mpini dirishani, akautafuta muhuri wa kampuni pale mwisho, panapokaa daima, Z yenye shingo ndefu ya bata maji, ndege aitwaye zwaan kwa Kiholanzi. Hapakuwa na kitu. Plastiki tupu.

"Tangu lini?"

"Tangu Jorinde aende chuo. Ile yetu ilivunjika. Nikakwambia uniletee nyingine, ukasema utaleta, ukazigawa zote kwa wahariri." Geesje alisema taratibu. "Mganga hajigangi, Berend. Mimi nilikuwa na chupa, nikaenda dukani."

Miaka tisa. Kwa miaka tisa kila Jumapili alikuwa ameusifia mpira ule. Alikuwa amemwambia hata mchungaji. Ilimuuma, wala siwezi kuipamba: ilimuuma kama mtu aliyegundua kwamba mtoto anayemsifia kwa pua ya babu si wa ukoo wake.

Mama Hilletje akaacha kucheka. Akamshika mkwewe mkono, jambo alilolifanya labda mara mbili maishani. "Usihuzunike, mkwe wangu. Ulipoiita jina lile, ilikomba vizuri. Sote tumeona. Jina ndilo lililokomba." Kisha akainuka kwenda kuosha vyombo, na Berend akamfuata kukausha, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Kesi ilisikilizwa Machi, siku ya mvua kubwa. Hakimu aliitwa Scheltema, mtu mwembamba, mtulivu, aliyeandika kila kitu kwa penseli. Bwana Zwaan alikuwa na wakili mmoja, Bwana Terpstra. Upande wa maduka alisimama Bi Van Ommeren, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwelewesha mtoto hesabu. Kwenye viti vya wasikilizaji waliketi watu arobaini hivi, waandishi wa habari wawili watatu, na katika safu ya pili Berend na Geesje. Geesje alikuwa amevaa koti lake la Pasaka.

Majibu ya simu hayakusaidia upande wowote. Waliojibu waligawanyika nusu kwa nusu, na wawili walisema kitu hicho kinaitwa Geert, kama jina la mwanamume.

Halafu Bi Van Ommeren akaagiza mezani majalada ya kijivu. Yote thelathini na manne. Berend mwenyewe ndiye aliyeyapendekeza yawe ushahidi, kuonyesha jinsi kampuni ilivyolilinda jina lake, na alipoyaona yamepangwa vile mbele ya hakimu alijisikia fahari. Bi Van Ommeren akafungua moja, akasoma. Barua kwa gazeti la wakulima. Barua kwa kwaya. Barua kwa chama cha wafuga njiwa. Barua kwa bibi wa Kampen, ya kumi na moja. Wasikilizaji wakaanza kucheka pole pole, kisha kwa sauti.

"Mheshimiwa," akasema, "wenzangu wanasema hizi ni barua za ulinzi. Mimi naziona ni mashahidi. Kila barua humu imeandikwa kwa sababu Mholanzi mmoja alisema zwabo kama anavyosema sufuria. Bwana Nijkamp ametukusanyia maelfu yao, kwa tarehe. Hakuna mtafiti ambaye angetufanyia kazi nzuri kuliko hii."

Berend alitamani ainuke ayakusanye majalada yake, aende nayo nyumbani.

Lakini Bwana Terpstra naye hakuwa wa kulala. Akasimama, akauliza kwa upole kama mahakama inamfahamu mtu mwingine yeyote aliyelinda mali yake kwa bidii kama hii. Akasoma na majibu ya wahariri: tunaomba radhi, hatutarudia, asante kwa zawadi. Na hapo mizani ikaanza kuinama. Hakimu Scheltema alilifungua jalada mwenyewe, akazifunua kurasa zake kwa muda mrefu, akasema, kana kwamba anajisemea, "Mtu aliyekaa mlangoni miaka thelathini na minne, ni vigumu kumwambia kwamba aliuacha mlango wazi."

Bwana Zwaan akageuka kitini, akambana Berend begani. Bi Van Ommeren akaziba kalamu yake. Geesje, bila kumtazama mumewe, alimsogelea kidogo.

Mawakili waliendelea kuzungumza saa nzima zaidi, kila mmoja akirudia aliyokwisha kuyasema, kama ilivyo ada yao. Mvua ilipiga madirisha. Saa tisa na nusu hakimu aliitazama saa ya ukutani, akaitazama penseli yake iliyobaki kipande, akaiweka chini.

"Mabibi na mabwana," akasema, "hoja hizi tumeshazizwaboa mpaka chini. Kama hakuna jipya, nitaandika hukumu yangu."

Hakuna aliyeshtuka. Bwana Terpstra alikuwa anapanga karatasi. Bi Van Ommeren alikuwa anafunga mkoba. Mwandishi wa habari alipiga miayo. Karani, binti wa nywele fupi, aliandika alichosikia na kuendelea.

Berend alikuwa amesikia. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaona nyuso za watu wanaongoja kwenda kunywa chai, na akaelewa yote mawili kwa mpigo: kwamba akikaa kimya wameshinda, na kwamba hawezi kukaa kimya. Alijaribu, Mungu ni shahidi. Alikishika kiti kwa mikono miwili. Alijiambia huyu ni mzee, ni hakimu, ni neno moja tu, limeshapita, limezama. Lakini alikuwa amemwandikia mfuga njiwa. Alikuwa amemkosoa mkunga. Hakimu akiachiwa, yule mfuga njiwa alikuwa na kosa gani?

Geesje alimwona anajinyanyua. Akalikamata koti lake kwa nyuma, akavuta. "Berend," akanong'ona, "nakuomba. Safari hii tu."

Berend akasimama.

"Samahani, Mheshimiwa."

Hakimu akainua macho. "Ndiyo, Bwana Nijkamp?"

"Zwabo ni jina la biashara lililosajiliwa. Si kitenzi."

Bwana Terpstra akafumba macho. Hakimu alikunja uso, kwa mshangao zaidi kuliko hasira. "Na nani amelifanya kitenzi?"

"Wewe, Mheshimiwa. Sasa hivi."

"Mimi?" Akamgeukia karani. "Hebu soma."

Binti akapitisha kidole kwenye karatasi, na uso ukamwiva. "'Hoja hizi tumeshazizwaboa mpaka chini.'" Akaishusha karatasi. "Nimeandika kwa herufi ndogo, Mheshimiwa. Sikufikiria."

Kicheko kilianzia nyuma na kuvuma chumba kizima, na hakimu alikiacha kipite. Akavua miwani, akaifuta. Alipoongea tena, hakuwa akicheka.

"Bwana Terpstra, ulisikia niliposema?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Bi Van Ommeren? Maana wewe ndiye ungefaidika."

Alisita. Nadhani alikuwa mtu mkweli, na aibu ilimshika kama inavyowashika watu wakweli. "Sikusikia, Mheshimiwa."

"Bwana Zwaan? Ni jina la babu yako."

Bwana Zwaan alitazama sakafu. "Sikusikia," akasema.

"Hata mimi mwenyewe sikujisikia," akasema Hakimu Scheltema. Akamgeukia Berend, naye alisema kwa upole mkubwa, na upole huo ndio ulioumiza. "Katika chumba hiki cha watu arobaini, Bwana Nijkamp, aliyesikia ni wewe peke yako."

Berend aliketi, na kabla hukumu haijaandikwa aliisoma yote. Jina lilikuwa limeshakufa, tena zamani, huenda tangu siku ile ya mkunga, na yeye alikuwa amelifuta vumbi, amelifunga vifungo na kulisimamisha dirishani miaka yote hii ili wapita njia wadhani lipo hai. Alitaka kulia, na alilia kidogo, akijifanya anatafuta leso.

Nje mvua ilikuwa imelegea. Bwana Zwaan alipita na wakili wake, akaenda zake. Geesje alisimama chini ya ngazi, kifungo cha nyuma cha koti la mumewe kiko kiganjani mwake.

"Nimekuvuta mpaka kimekatika," akasema.

"Nilihisi."

"Dakika moja, Berend. Ungenyamaza dakika moja tu. Alikuwa ameshaiweka penseli chini."

"Najua."

"Sasa ulisimama kwa nini?"

Berend akafikiri, kwa uaminifu, kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa njia. "Alikosea, Geesje."

Geesje akamwangalia. Watu walikuwa wakiteremka ngazi kupita pande zao zote mbili, waandishi wa habari, Bi Van Ommeren, karani wa nywele fupi, na wote waliweza kusikia. Akautia mkono wake kwenye mkono wa mumewe.

"Ndiyo," akasema kwa sauti. "Alikosea."